Ndoo Tatu za Laga na Pua ya Kuazima

Maziwa yaliungua naye amesimama hatua mbili kutoka jikoni, akisoma karatasi ya maelezo iliyokuja na dawa ya mafua. Alishtuka jirani alipogonga dirisha kuuliza kama humo ndani kuna mtu hai. Moshi ulikuwa umeshafika sebuleni na unatafuta njia ya kwenda vyumbani. Mwanamke akazima moto, akamshukuru jirani, akafungua madirisha yote. Kisha akafanya jambo ambalo jirani alilisimulia mtaa mzima bila kulielewa: akaiinamia ile sufuria nyeusi, akaingiza uso humo nusura nywele ziungue, akavuta pumzi kwa nguvu mara tatu.

Hakuna kitu. Mafua yalikuwa yameondoka siku kumi na moja zilizopita, na yalikuwa yameondoka na pua yake.

Kwa watu wengi huo ungekuwa usumbufu tu. Mwalimu asiyenusa bado anafundisha, na kuna madarasa ambamo anafundisha kwa raha zaidi. Lakini huyu alikuwa mwonjaji katika kiwanda cha bia, mwaka wa kumi na tisa sasa, na pale kiwandani hakuna aliyemwita jina lake. Walimwita Pua. "Mwiteni Pua," walisema, kila tangi lilipotoa harufu isiyoeleweka, na Pua alikuja, akainama, akasema ni bomba gani halikuoshwa na lilikuwa halijaoshwa tangu siku gani.

Kila mwaka waonjaji hufanyiwa mtihani. Chumba ni cheupe, meza ni nyeupe, glasi ni za buluu iliyokoza ili macho yasije yakatia neno. Unawekewa glasi tatu: mbili zimetoka tangi moja, ya tatu imetoka kwingine. Utaje hiyo ya tatu. Raundi ni tano, na anayekosa hata moja anaondoka mezani kwa mwaka mmoja. Huo mwaka mmoja ni maneno ya karatasi tu. Hakuna aliyewahi kurudi. Mwonjaji aliyemtangulia aliwahi kukiri kwa hiari yake kwamba pua imechoka. Akaagwa kwa keki na saa ya ukutani, na kiti chake hakikukaa wazi hata wiki.

Mtihani ulikuwa baada ya wiki kumi na tatu.

Daktari wa masikio, pua na koo alimmulika kwa tochi, akazima tochi.

"Inaweza kurudi," alisema. "Inaweza isirudi."

"Kuna dawa?"

"Kuna zoezi. Chagua vitu ambavyo harufu yake unaijua vizuri, uvinuse asubuhi na jioni, huku unaikumbuka. Chukulia kama mguu uliovunjika, lazima uutembeze."

"Kwa muda gani, daktari?"

"Mpaka irudi."

"Na isiporudi?"

"Basi utakuwa umefanya zoezi."

Kitu alichokijua kuliko vyote ni hopsi. Hopsi ni maua ya kijani ya mmea unaotambaa, yanayokaushwa na kutiwa katika bia inapochemshwa. Ndiyo yanayoipa bia uchungu wake na sehemu kubwa ya harufu yake. Bila hayo bia ni uji mwepesi wenye majivuno. Zipo aina nyingi, na yeye alizijua kama mama wa mapacha anavyowajua wanawe, tena gizani. Maabara ilikuwa na desturi ya kutupa mabaki ya sampuli kila Ijumaa. Ijumaa hiyo hayakutupwa. Aliyabeba nyumbani ndani ya kisanduku cha chakula.

Hakutaka kunusa tu. Kunusa kitu usichokisikia, mara mbili kwa siku, ni sawa na kumpigia simu mtu aliyekufa. Alitaka kutengeneza bia ya laga mwenyewe, ndoo tatu, kimea kilekile, hamira ileile, maji yaleyale, joto lilelile, hopsi tu ndizo tofauti. Kama kuna kitu kitakachoiamsha pua yake, aliwaza, ni tofauti hiyo. Na kama pua haitaamka, walau ulimi utajifunza kufanya kazi ya watu wawili.

Laga haina haraka. Unaichemsha, unaipoza, unaitia hamira, unaiacha ichachuke kwenye ubaridi wa nyuzi kumi kwa siku kumi hivi. Kisha unailaza karibu na barafu, wiki tano, sita, nane, mpaka ukali wake utulie na ile harufu ya yai viza inayoachwa na hamira itoke. Friji ya zamani iliyokuwa stoo ikaondolewa masanduku ya vitabu ya mumewe, ikapanguswa, ikapokea ndoo tatu za plastiki zenye mifuniko na vibomba vya kupumulia. Mumewe, mwalimu wa hesabu, alitazama vitabu vyake vikiwa sakafuni, akauliza kama kuna sherehe.

"Ni kazi ya ofisi," alimwambia.

"Nzuri," mumewe alisema.

Ikumbukwe kwamba huyu bwana alisema "nzuri" kwa kila kitu. Alisema hivyo kwa chakula, kwa matokeo ya mitihani ya wanafunzi wake, na mara moja, bila kukusudia, kwenye mazishi. Kama shahidi wa ladha alikuwa hafai hata kidogo, na mkewe alilijua hilo tangu uchumba.

Ndoo ya kwanza aliitia hopsi kali, zile ambazo kiganja kimoja kinatosha kuutia uchungu mtungi mzima. Ya pili aliitia zile za upole, za kizamani, zenye harufu ya maua ya shambani na nyasi zilizokauka vizuri. Ya tatu aliitia hopsi za kisasa, zinazonukia matunda mpaka mtu anaanza kutafuta kisu. Alipomaliza alisimama katikati ya stoo, akavuta pumzi. Alikuwa amechemsha hopsi tangu asubuhi, kuta zilikuwa zinachuruzika mvuke. Ilikuwa kama kusimama mbele ya bendi nzima inayopiga nyuma ya kioo.

Wiki ya pili, ya tatu, ya nne. Kila siku alifungua, akachota kijiko, akaonja. Ndoo ya kwanza ilimuuma ulimi, kwa hiyo alijua ipo. Ya tatu ilimwachia utelezi fulani mdomoni. Lakini ile ya pili ilikuwa kimya. Hopsi za upole uchungu wake ni mdogo. Thamani yao yote iko puani, na puani kwake hapakuwa na mwenyeji. Akaonja, akaona maji. Akaonja tena, akaona maji baridi. Akaamua kwamba ametia kidogo, akaongeza maua makavu ndani ya ndoo hiyohiyo iliyolala baridini. Siku tatu baadaye akaongeza tena. Halafu tena. Mtu aliyefanya kazi hii miaka kumi na tisa alikuwa kama mpishi anayezidisha chumvi kwa sababu tu ulimi wake una ganzi, na hakuna aliyemwambia, kwa sababu mumewe alipoulizwa kuhusu harufu ya nyumba alisema nzuri.

Aliyemwambia ni mama mkwe.

Mama mkwe alikaa chumba cha nyuma. Alikuwa amefua nguo katika hospitali kwa miaka thelathini na moja, mashuka, mashuka na mashuka mengine, mpaka akastaafu akiwa na mikono kama ya baharia na pua ambayo manesi walikuwa wakiikodi. Kileo hakukigusa tangu azaliwe. Mashoga zake aliwaambia mkwewe anafanya kazi maabara, jambo ambalo halikuwa uongo.

Jumapili moja, baada ya chakula cha mchana, alisimama mlangoni pa stoo.

"Mwanangu."

"Abee, mama."

"Humu ndani mnafuga ng'ombe?"

"Ng'ombe?"

"Nauliza tu. Maana leo siku ya tano nalala zizini. Nyasi mbichi, nyasi kavu, nyasi zimeanza kuoza. Nikanyamaza, nikasema labda ndiyo kazi yenyewe, mimi ni nani. Sasa hivi nimekuona umefunua hilo dude, umeingiza uso mpaka masikio, ukasema 'bado halina kitu', ukamwagia mengine. Halina kitu vipi, mwanangu, na mimi huku macho yananiwasha?"

"Nina mafua kidogo, mama."

"Mafua yako yaliisha kabla hatujabadilisha mapazia."

Mwonjaji akafunika ndoo taratibu. Mama mkwe akaondoka, akarudi na vikombe viwili vya bati, akaviweka juu ya friji.

"Kimoja maji," alisema. "Kimoja nimetia dawa ya kung'arishia mashuka. Chagua, unywe."

Mwonjaji aliviinamia. Alivuta pumzi juu ya kimoja, akavuta juu ya kingine, akarudi kwa cha kwanza. Vyote vilikuwa vyeupe, vimetulia, vinamtazama. Mkono wake ukaenda kushoto, ukasita, ukaenda kulia, ukabaki hewani. Akakaa chini sakafuni, juu ya vitabu vya hesabu, akalia kilio cha mtu aliyekuwa amekiahirisha kwa wiki sita.

Mama mkwe akavichukua vikombe vyote viwili, akavimwaga kwenye karai.

"Nisingekuacha unywe," alisema. "Vyote ni dawa."

Siku hiyo aliambiwa kila kitu: mtihani, kiti, ile keki, ile saa ya ukutani. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono kiunoni.

"Wakijua, unga umemwagika?"

"Watanipa kazi nyingine labda. Si unga, mama. Mimi ni Pua. Nikitoka pale mimi ni nani?"

Mama mkwe hakuwa mtu wa kupoteza pumzi. Alivuta kiti, akakaa mbele ya friji kama mtu anayesubiri treni.

"Mdomoni haiingii, tuelewane. Ila kunusa nitanusa. Pua hailewi."

Basi ikawa kila siku saa kumi alasiri. Mwonjaji anachota, mama mkwe ananusa na kusema. Kisha mwonjaji anaweka mdomoni, anafumba macho, anatafuta kwa ulimi kitu kitakacholingana na maneno yale.

Ndoo ya kwanza, mama mkwe alisema: "Hii haina mambo mengi. Shuka jipya la hospitali. Safi, gumu, na halikupendi." Na kweli, uchungu wa zile hopsi kali ulikuwa umesimama wima, unachoma pembeni mwa ulimi. Wiki tatu baadaye alisema: "Shuka lilelile, ila sasa limefuliwa mara nyingi." Uchungu ulikuwa haujapungua, umekunja makucha tu.

Ndoo ya tatu ilimfurahisha siku za mwanzo. "Sabuni ya kuogea ya mtu mwenye nafasi!" alisema, akanusa mara mbili. Lakini kila wiki alirudisha kichwa nyuma mapema zaidi. "Sabuni imebaki kipande." Na siku moja: "Hapa palikuwa na sabuni." Ndivyo zilivyo zile hopsi za matunda: zinapiga kelele, zinachoka, na baridi ndefu inawahi kuzizika.

Ya pili hata hakuinusa. Aliikataa kwa mkono, kama mtu anavyomkataa mgeni asiyekuja na habari njema.

Mwonjaji alijua pasipo kuambiwa kwamba ndoo ile imekufa. Hopsi za upole zina uchungu kidogo na majani mengi, kwa hiyo unalazimika kutia nyingi ili upate kiasi, na ukitia nyingi majani yanaleta ukakasi, kama chai iliyosahaulika na majani yake. Ukakasi huo unahitaji muda mrefu wa kulala ili utulie. Na muda huohuo mrefu ndio unaokula ile harufu ya maua uliyozichagulia. Ukiwahi, inakwaruza koo. Ukichelewa, haina kitu. Katikati pana siku chache tu, nne au tano, ambapo imetulia na bado ina maua, na siku hizo hazipimwi kwa kalenda wala kwa kipimajoto. Zinapimwa kwa pua. Aliwahi kuwafundisha vijana wa maabara kwamba kuchagua hopsi ni kuchagua muda wa kusubiri. Sasa somo lilikuwa limemgeukia, kwa sababu muda ndio hasa aliokuwa hana.

Aliimwaga ndoo ya pili, akaiosha, akaanza upya, safari hii kwa mizani na bila kuongeza hata ua moja. Zilibaki wiki saba.

Pua haikurudi. Kazini matangi yote yalikuwa ya hopsi kali zinazoweza kungoja, na kila alipoitwa alisema "bado" mpaka ulimi uridhike. Asubuhi alinusa kahawa, limau, karafuu na sabuni, kama alivyoagizwa. Alinusa kola ya shati la mumewe kabla halijafuliwa, kwa siri, kwa muda mrefu, na mumewe alipomkuta akamtazama kwa mshangao wenye matumaini ambayo ilibidi yakatishwe. Hakusikia kitu. Miaka ishirini ya ndoa, na mtu yule alikuwa amegeuka picha inayotembea.

Lakini ulimi ulikuwa unajifunza. Alianza kujua hopsi kali kwa mahali zinapouma, hopsi za matunda kwa utelezi unaobaki kwenye kaakaa, bia changa kwa jinsi povu lake linavyopasuka kwa fujo, na bia iliyokomaa kwa ule uduara, ule upole wa kupita kooni bila kugusa kuta. Wiki ya kumi na mbili mama mkwe alimpa mtihani wa nyumbani. Glasi za buluu hawakuwa nazo, kwa hiyo glasi zilivalishwa soksi nyeusi za mwalimu.

"Zilizofuliwa," mama mkwe alimhakikishia. "Ingawa kwako ni yaleyale."

Alipata raundi tisa kati ya kumi. Ya kumi mama mkwe alikuwa amefanya ujanja: bia moja, umri mmoja, ila kwenye glasi moja aliloweka ua moja la hopsi kwa dakika tano, akalitoa.

"Hapa nimetia."

"Hapo sisikii kitu. Uchungu ni uleule."

"Na wakikuletea kama hii?"

"Hawajawahi."

"Mwanangu, sikukuuliza kama wamewahi."

Asubuhi ya mtihani alivaa koti jeupe, akaketi kwenye kiti chake. Upande wa pili wa meza alikuwa mkuu wa maabara, mtu mpole anayeongea kama anayesoma kibao cha tahadhari.

Raundi ya kwanza, povu lilimwambia. Ya pili, uchungu ulisimama pembeni mwa ulimi palepale alipoutarajia. Ya tatu ilikuwa rahisi mpaka ikamtia wasiwasi. Ya nne ilimchukua dakika sita na jasho la mgongoni, lakini uduara haukuwa sawa, akaandika namba. Na kila mara, kabla ya kuonja, alizungusha glasi, akainama, akafumba macho, akanusa, kama alivyofanya miaka kumi na tisa. Angeweza kupewa tuzo ya uigizaji.

Raundi ya tano alionja glasi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akarudia. Uchungu mmoja. Povu moja. Umri mmoja. Zilipita kooni kama mtu mmoja anayeingia na kutoka mlangoni mara tatu.

"Hii ni mpya," mkuu wa maabara alisema kwa fahari kidogo. "Mwaka huu raundi ya tano tumeifanya ya harufu tupu. Hopsi kidogo tu mwishoni, kwenye moja. Kwako wewe, Pua, ni mchezo wa watoto."

Akaingiza pua kwenye glasi ya kwanza. Akakumbuka kwa nguvu zake zote: maua, nyasi, jua la saa tatu. Akaingiza kwenye ya pili. Alikumbuka sana, ila kukumbuka si kusikia. Saa ya ukutani, ndugu yake ile ya kuagia, ilikuwa inagonga. Akaandika namba mbili kwa sababu ilikuwa katikati.

Mkuu wa maabara akafungua bahasha, akatabasamu.

"Tano kwa tano. Kama kila mwaka."

Wenzake wakapiga makofi. Mmoja akampigapiga mgongoni, akasema aache na wengine wale. Mwonjaji akacheka mahali palipohitaji kicheko. Alijiona kama mtu aliyevuka barabara na kusikia breki nyuma yake.

"Na kwa kuwa umetia fora," mkuu wa maabara aliendelea, "tangi namba saba ni lako. Ile laga mpya. Leo ndiyo inatimiza wiki ya tano. Tuambie kama tunaifungulia au tunasubiri."

Laga mpya ilikuwa ya hopsi za upole.

Fundi wa matangi alimjazia glasi kwenye koki ndogo, akasimama na mkono kwenye valvu kubwa, mluzi mdomoni. Mwonjaji aliweka bia mdomoni. Ukakasi ulikuwa umetulia. Uduara ulikuwepo. Ulimi wote ulisema tayari. Lakini ile harufu ya yai viza haina makao mdomoni, na ulimi haukuwa na habari nayo. Wala haukuwa na habari kama maua bado yapo au yalishazikwa. Ingekuwa hopsi kali angesema "bado" na kurudi mezani na kiti chake, maana hopsi kali hungoja. Hizi hazingoji. Akisema bado, huenda anaua bia nzima kwa baridi. Akisema tayari, huenda anaupelekea mji mzima mayai viza.

"Fundi, wewe unasikiaje?"

"Mimi nasikia baridi, dada."

"Harufu."

"Mimi navuta sigara tangu nimalize shule. Pua yangu ipo kwa ajili ya kushikia miwani."

"Basi naomba aitwe mtu mwingine."

Fundi akaacha mluzi. "Dada, wewe ndiye tunayemwita tukihitaji mtu mwingine."

Tangi lilikuwa refu kama nyumba ya ghorofa tatu. Alilitazama mpaka juu, akatazama glasi. Kungekuwa na tangi jingine wiki ijayo, na jingine wiki inayofuata, na mama mkwe asingeweza kuingizwa getini ndani ya kisanduku cha chakula. Akaiweka glasi chini.

"Niitie mkuu," alisema. "Mwambie Pua hanusi."

Mkuu wa maabara alikuja kwa miguu ya haraka, akasikiliza kwa uso usiobadilika.

"Tangu lini?"

"Tangu yale mafua."

"Na raundi ya tano?"

"Nilibahatisha."

"Nne za kwanza?"

"Kwa ulimi."

"Hilo haliwezekani."

"Linawezekana. Linachukua wiki kumi na tatu na mama mkwe."

Hakupiga kelele. Angekuwa mkatili ingekuwa nafuu, kwa kuwa mkatili unaweza kumchukia njia nzima ya kwenda nyumbani. Huyu alimshika bega, akamwomba aandike barua yenye maneno "sababu za kiafya", akamwambia kampuni haiwezi kumsahau. Kiti kilipewa msichana wa maabara, ambaye kesho yake alimsimamisha koridoni kumuuliza kwa heshima zote asile nini kabla ya kuonja. Akamjibu. Vitunguu, alisema. Na usije ukapata mafua.

Naye alihamishiwa ghala la hopsi. Mkuu wa maabara aliliona wazo hilo la huruma na la busara pia, na tukubali kwamba la busara lilikuwa. Ghala ni chumba cha baridi kisicho na dirisha, kimejaa marobota mpaka darini, na harufu yake ni nzito kiasi kwamba makarani hawamalizi miezi mitatu kabla ya kuomba uhamisho kwa ajili ya kichwa. Yeye hakuwahi kuumwa kichwa. Msimamizi wa ghala alimwambia hajapata kuona mfanyakazi kama yeye.

"Wewe umeumbwa kwa ajili ya humu ndani," alisema, akimaanisha mema.

Anaondoka saa tisa na nusu. Kufika nyumbani ni saa kumi, na mama mkwe yuko mlangoni na kiti chake. Friji ilisharudishiwa vitabu vya hesabu.

"Simama hapohapo," mama mkwe anasema. Anamshika mkono wa koti, anauvuta puani, anafikiri. "Leo mmefungua marobota mapya."

"Ndiyo."

"Yale ya upole. Ya mwaka huu, si yale ya jana."

"Ndiyo, mama. Yananukaje?"

Mama mkwe anamwambia. Anaanza na nyasi iliyokatwa asubuhi, anakwenda kwenye mto wa kulalia ulioanikwa juani, anamalizia na kitu kama pilipili manga iliyosagwa chumba cha pili. Mwonjaji amefumba macho, pua imeinuliwa, anavuta hewa kwa nguvu mpaka mbavu zinaonekana. Hewa inaingia. Ni baridi kidogo.

"Sema tena," anasema.

Mama mkwe anasema tena, nyasi, mto, pilipili manga.

"Tena, mama. Polepole."

Mara ya nne mama mkwe anaanza kubadilisha maneno, kwa kuchoka au kwa huruma. Anaweka maua mahali pa nyasi. Mwonjaji anafumbua macho, anamtazama. Hamsahihishi. Anavua koti, analikunja, anampa alishike mpaka chai ichemke.